Mlango wa Mgema

Asalam aleikum. Wa nyuma sogeeni mbele, huku nafasi ipo na feni inafika. Leo sikubeba kitabu cha darsa, nina mfano mmoja tu. Na tuelewane mapema: mfano wenyewe utatupeleka Uajemi. Eeh, nishaona wawili watatu wamekunja nyuso. Zikunjueni. Sikuja kumbadilishia mtu madhehebu yake, kila mmoja atarudi nyumbani na yake kama alivyokuja. Nataka tu mtu wetu mmoja aende kule, aone alichokiona, nasi tuone kilimpata nini.

Palikuwa na mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Haya, mmeanza kutazamana! Nasema wa mji mwingine, huko huko pwani lakini si hapa, na mji wenyewe nimeubuni mimi. Basi mwenyekiti huyu alikuwa mtu mzuri, haki ya Mungu. Msikiti ulikuwa unavuja, akaupaua. Mabomba ya udhu yalikuwa yamekauka, akayafufua. Baba wa watu alikuwa halali akiisikia mvua, anawaza zulia la msikiti. Na jambo moja alilolipenda kuliko yote ni utaratibu. Kila kitu cha msikiti alikitia kufuli: stoo kufuli, vipaza sauti kufuli, hata kile chumba cha uani panapowekwa jeneza, nacho kufuli. Funguo zote ziko kwake nyumbani, kwenye mtungi wa kabatini.

Sasa akatia nia mihrabu ivishwe vigae vya buluu, vile vya Kiajemi vyenye maua na maandishi. Wakamwambia, "Mwenyekiti, vigae vipo madukani." Akasema, "Vya madukani vya jikoni. Mihrabu si jiko." Akafunga safari kwa nauli yake mwenyewe, aende kuviona kwa macho vilikozaliwa.

Akafika mji mmoja wa jangwani. Nyumba za udongo, rangi moja kama mkate uliotoka tanuri. Juu ya mapaa kuna minara mifupi ya kunasia upepo. Upepo unapita huko juu na mambo yake, unakamatwa, unateremshwa chumbani, watu wanakaa baridi bila feni. Na katikati ya mji ndipo penyewe alipopaendea. Pale si msikiti peke yake. Pana msikiti, pana hamamu ya kuogea, pana birika kubwa chini ya ardhi unaloliteremkia ngazi mpaka unaanza kusema shahada, pana nyumba ya wasafiri, pana maduka ya halua, na mbele yake uwanja mpana wa watu wote. Watu wa kale waliujenga mji wa ibada na mji wa maisha mahali pamoja, ili anayekuja asali, aoge, anywe, alale. Na uso wa jengo, loo! Orofa tatu za matao, tao juu ya tao, na minara miwili imechomoza katikati kwenda mbinguni, na vigae vya buluu vinang'aa mpaka macho yanalia.

Mwenyekiti akasimama kinywa wazi. Akasema, "Subhanallah, kumbe sisi kwetu tunacheza!" Akatoa simu akaanza kupiga picha. Akapiga tao la kwanza, la pili, la tatu, akapiga mnara, akapiga kigae kimoja kimoja. Lakini kila akipiga, kuna kitu kinamharibia picha. Mbele ya jengo pale, uwanjani, kumesimama limti kubwa la ajabu. Maboriti na fito zimepishanishwa, zimefungwa, zimepanda juu urefu wa nyumba ya orofa mbili, na chini maboriti mazito yametokeza pande zote. Mwenyekiti akanuna. "Jengo zuri namna hii, mafundi wameacha jukwaa lao mbele! Hawa nao hawana kamati?"

Ninyi mngefikiri nini? Mtu hajawahi kuliona, ataliita nini kama si jukwaa la mafundi? Basi akaona heri alitumie. Akapanda. Na viatu vyake miguuni, akakanyaga boriti la chini, akashika fito, akapanda la pili, akasimama pale juu apate kulipiga jengo vizuri. Mfukoni alikuwa na lozi, akawa anatafuna, maganda anatupa chini. Ilikuwa kama saa nne za asubuhi.

Simu ikalia hapo hapo mkononi mwake. Katibu wa msikiti, kutoka nyumbani.

"Asalam aleikum, Mwenyekiti. Salama huko?"

"Salama sana! Katibu, ungeyaona mambo ya huku ungelia. Ngoja nikutumie picha."

"Mwenyekiti, tuna msiba. Mzee Shekue amefariki, yule mgema. Ameanguka mnazini alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Haya, mzikeni."

"Ndiyo tunataka tumzike adhuhuri. Sasa jeneza liko ndani ya kufuli, na bibi nyumbani anasema ufunguo hautoi bila kauli yako."

Mwenyekiti akatema ganda la lozi. "Katibu, hebu tulia. Jeneza lile ni waqfu, limewekwa kwa watu wa msikiti. Lilimbeba marehemu Sheikh, lilimbeba baba yangu. Yule miaka arobaini anapanda minazi kuwagemea watu ulevi, leo tumlaze humo humo?"

"Mwenyekiti, Ijumaa alikuwa anakuja. Anakaa pale nje penye viatu. Anasema ananuka tembo, hataki kuwaudhi watu. Tukitoka tunakuta ametupangia viatu vyetu, kila jozi na mwenzake."

"Basi ndiyo hivyo. Akiwa hai hakuingia, akifa ndiyo aingie?"

"Hatuombi aingie, bwana. Tunaomba jeneza litoke."

"Halitoki! Tukilitoa leo kwa mgema, kesho litaombwa na nani? Wagema wenzake wapo, wamtafutie cha kumbebea. Na wewe kaa hapo ulinde utaratibu mpaka nitakaporudi." Akakata simu. Akarudi kwenye picha zake.

Chini yake ikatoka sauti, ya Kiswahili, tena Kiswahili cha Unguja cha watu wa zamani. "Shuka, bwana. Shuka taratibu usije ukateleza. Hapo uliposimama ni juu ya jeneza."

Jamani! Mtu yule aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alishuka kwa tumbo, kwa magoti, kiatu kimoja kikabaki juu. Alipofika chini lozi zimemwagika, hajui aombe radhi kwa nani. Mbele yake kuna mzee wa Kiajemi, seremala, kamba mkononi na nyundo kiunoni, anakaza mafundo ya lile limti. Huyu aliitwa Fundi Bahrami. Alizaliwa Kiponda, Unguja, katika zile familia za Waajemi waliokuwa wakiishi pale, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitano, na lugha akaondoka nayo.

"Jeneza?" mwenyekiti akauliza. "Fundi, niambie kweli. Maiti gani ya kulala ndani ya kitu kirefu kama hiki?"

"Hamna maiti humu."

"Linamsubiri nani?"

"Halimsubiri mtu. Ni tupu tangu siku lilipoundwa. Kila ikifika kumi mfunguo nne, siku ya Ashura, tunalivika nguo nyeusi, wanaume wa mji huu wanajipanga kwenye maboriti haya, mamia kwa mamia, wanalinyanyua mabegani na kulizungusha uwanjani. Halafu wanalirudisha hapa hapa."

Mwenyekiti, kwa ile aibu aliyokuwa nayo, akacheka. Mnakijua kile kicheko cha mtu aliyefadhaika? "Nisamehe, Fundi. Mamia ya wanaume watoke jasho, waumie mabega, kwa kubeba mbao tupu?"

Yule mzee hakukasirika. Aliweka kamba chini, akafuta mikono. "Bwana, mjukuu wa Mtume wetu aliuawa jangwani, akalala mchangani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hana wa kumnyanyua. Unafikiri hapakuwa na watu? Walikuwepo. Waliomjua walikuwepo, waliompa ahadi walikuwepo, waliokuwa wakisimama nyuma yake kwenye swala walikuwepo. Kila mmoja alikaa kwake na sababu yake, na ukizisikia sababu zenyewe utasema nzuri. Sisi tulizaliwa tumeshachelewa, hatukuwahi. Basi tunabeba hili, tunamwambia Mungu: tungekuwepo, mabega yasingekosekana."

Fundi akamshika mkono, akamzungusha kwenye maboriti kumwonyesha alama zilizochongwa. Kumbe kila ukoo una mahali pake pa kushika. Baba akifa, mtoto anashika pale pale. "Hapa pa waoka mikate. Hapa pa wafinyanzi. Hawa wachimba mifereji ya maji chini ya ardhi. Na hapa," akapapasa mahali palipolainika kwa mikono ya watu, "hapa pana mlevi. Nakwambia mlevi hasa, mji mzima unamjua. Siku hiyo anakuja ameoga, macho mekundu, anashika alipokuwa akishika babake."

"Na mnamwacha?"

"Nani amwambie aondoke? Akiondoka uzito wake atauchukua nani? Na mimi nina nini cha kumpita hata nisimame mlangoni mwa maiti nichague wabebaji?" Kisha Fundi akamtazama usoni. "Bwana, Kiswahili sijakisahau. Nimesikia ulivyokuwa ukisema kwenye simu. Huyo mgema wenu, kabebwa na nini?"

Hebu niulizeni mwenyekiti alijisikiaje. Ubaridi ulianza kisogoni ukamshuka mpaka kwenye unyayo, ule usio na kiatu. Alikuwa amesimama na viatu juu ya jeneza la watu huku akikataza jeneza la watu. Na aliyoyasema aliyaona yote yanarudi, moja moja, kwa sauti yake mwenyewe. Akaishika simu aipige. Simu imekufa. Chaji yote imekwisha kwa picha za vigae.

Akakimbia, mtu mzima, kiatu kimoja, mpaka duka la halua. Akatoa chaja. Chaja yake ina miguu mitatu, ukuta wao una matundu mawili. Muuza halua hajui Kiswahili, naye hajui Kiajemi, wanaonyeshana vidole. Mwenyekiti anapiga kifua, anasema, "Maiti! Maiti!" Neno hilo wale wakalielewa, wakadhani kafiwa na mtoto. Duka zima likatoka kumtafutia kichwa cha chaja, huku mwenye duka anamnywesha chai na kumpangusa jasho. Watu wasiomjua wala kumjua marehemu! Kilipopatikana, adhuhuri ilishasaliwa kwao na kwetu, saa nane imepita.

"Katibu! Katibu, toeni jeneza! Mwambie mke wangu atoe ufunguo sasa hivi, na kamati yote itoke, na wewe tangulia mbele!"

Katibu akasema, "Mwenyekiti, tumeshazika. Yaani, wao wameshazika."

"Wamembeba na nini?"

"Kwa mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango wa nyumba yake, Mwenyekiti. Mkewe alingoja mpaka saa sita. Alipoona hakuna jeneza linalokuja, akachukua panga la marehemu akakata bawaba kwa mikono yake, akautoa mlango, akasema mlazeni hapa."

"Watu wangapi walimbeba?"

"Wanne. Wagema watatu na fundi baiskeli. Mlango mzito ule, wa mvule. Wameutua njiani mara saba."

"Wanne tu? Mtaa wote ule? Watu walikuwa wapi?"

"Walikuwa barazani, Mwenyekiti. Wameona jeneza la msikiti limekataliwa, kila mtu akaogopa, akadhani kumfuata ni dhambi. Maiti ilipopita watu walisimama, halafu wakakaa."

"Na wewe, Katibu? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa msikitini," Katibu akasema. "Uliniambia nikae nilinde utaratibu."

Ndugu zangu, mwenyekiti aliuliza swali moja tu la mwisho. Aliuliza, "Na mlango wameurudisha?" Akajibiwa, "Umerudi, umeegemezwa ukutani. Mjane hataki utiwe. Anasema hawezi kuingia na kutoka kwa mlango uliombeba mumewe. Ameingia eda leo, na nyumba haina mlango."

Mnaisikia hiyo? Eda! Miezi minne na siku kumi, mwanamke wa watu amekaa ndani, na aliyemwondolea mlango ni mtu aliyekwenda kununua vigae vya msikiti.

Akarudi uwanjani. Hakuyatazama tena matao wala minara. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile limti, akavua na kile kiatu kilichobaki, akaingiza bega chini ya boriti, akasukuma. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mpaka akalia kwa sauti, mwanaume na ndevu zake. Lile halikutikisika hata chembe. Fundi Bahrami akaja, akamwondoa polepole, kama unavyomwondoa mtu kaburini. Akamwambia, "Acha, bwana. Hili haliwezi mtu mmoja. La kwenu wanabeba watu wanne. Hilo ndilo ulilokuwa unaliweza."

Mfano wangu umekwisha hapo. Msiniulize alirudi lini, wala vigae alinunua ama hakununua. Sijui, na kusema kweli sina haja.

Nina haja na sisi. Maana tumekaa hapa tunamlaani yule mwenyekiti, nimewaona mnavyotikisa vichwa, na mmoja hapa nguzoni amesema astaghafirullahi mara tatu. Haya. Nani kati yetu leo amepita kwa marehemu Bi Mize binti Faki?

Mnatazamana tena.

Bi Mize amekata roho leo saa tatu asubuhi, na hakuna hapa asiyejua. Ameshaoshwa, ameshakafiniwa, amelazwa kwenye mkeka nyumba ya nne kutoka hapa. Adhuhuri wamekuja kuomba jeneza. Tukawaambia kamati itakaa. Kamati ikakaa. Laasiri hii tumesali, na kamati bado inakaa. Kisa nini? Kisa Bi Mize alikuwa akipiga ngoma na kuimba maharusini. Mimi nawauliza wazee wangu wa mstari wa mbele, kwa heshima zote: nani hapa hakuimbiwa harusi yake na Bi Mize? Nani mama yake hakutunza, hakutoa kitambaa, hakumwambia rudia tena ule wimbo? Alipoimba tulimsogezea kiti. Amekufa, tunamtafutia kasoro. Tuna nyuso za namna gani sisi?

Na mimi mwenyewe msidhani nimesimama mahali pazuri. Tangu adhuhuri nimeijua habari hii, nikaenda nyumbani nikala wali, nikajilaza kidogo. Nilijiambia mambo ya jeneza ni ya kamati, imamu kazi yake kusalisha. Sababu nzuri kabisa. Nimeamka nikazikumbuka sababu za wale waliobaki majumbani mwao wakati ule wa mjukuu wa Mtume, nikaona yangu imo.

Jua hilo linashuka. Wajukuu wa Bi Mize nimewaona wakati nakuja hapa, wameshika bisibisi, wanautazama mlango wa nyumba yao. Wallahi sikuongeza neno. Huo mfano niliubuni njiani, kati ya mlango ule na mlango huu.

Mwenyekiti wetu, baba yangu, umenilea na umenisomesha, siinui sauti mbele yako. Ufunguo uko kwenye mfuko wa kanzu yako, naiona kamba yake. Nimenyoosha mkono, mzee wangu, naungoja. Na ninyi wengine msiningoje mimi nisome dua hapa, dua nitaisomea makaburini. Inukeni mkavae viatu.